Kupatanisha wanga wa muhogo na poliesta: mwongozo wa karakana

Kabla hujatafuta kipatanishi, yaani kemikali ya kushikanisha wanga na poliesta (plastiki ya kuyeyusha kwa joto), pima maji yaliyomo kwenye wanga wako. Naanza na hili kwa sababu vijana wengi wanaonipigia simu huanza na swali la mwisho: "Shikamoo mzee, eti kipatanishi gani ni kizuri?" Vizuri vipo, tena zaidi ya kimoja. Lakini karibu vyote huliwa na maji na gliserini (kimiminika kizito cha kulainishia wanga) kabla havijaugusa wanga, na hapo umeshamwaga pesa kwenye hopa, faneli ya kulishia mashine.

Mimi ni fundi wa mashine za filamu, yaani utando mwembamba wa plastiki, niko Tanga. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019 nilikuwa napuliza mifuko ya kubebea ya poliethilini, kama mafundi wengi wa rika langu. Katazo la mifuko hiyo lilipoanza, mashine zilibaki na mafundi tulibaki. Kazi ndiyo iliyoondoka. Wakenya walikuwa wametutangulia tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008. Siku hizi natengeneza viriba vya miche na filamu ya kutandaza shambani, kwa wanga wa muhogo na poliesta inayooza iitwayo PBAT. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mwenye ekstruda ndogo ya skrubu pacha (mashine ya kuyeyusha na kukanda kwa skrubu mbili), mzani unaosoma gramu, na wanga wa kununua Handeni au Pwani. Mwenye maabara kamili atayaona mengine kuwa ya kienyeji, lakini hayatamharibia kazi.

Kwa nini havipatani

Wanga unapenda maji, kwa kuwa mnyororo wake wote umejaa vikundi vya haidroksili, jozi za oksijeni na hidrojeni zinazovuta maji. Poliesta haiyataki maji. Ukiviyeyusha pamoja, wanga hukaa ndani ya poliesta kama matone, na hata ukiweka kipatanishi ghali namna gani matone yatabaki kuwa matone. Kazi yako ni kuyafanya yawe madogo, kuyazuia yasirudi kuungana, na kuufanya mpaka kati ya tone na poliesta ushike.

Chembe ya wanga wa muhogo, kabla ya kukandwa, ina upana wa mikroni 5 hadi 35 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Filamu yangu ya kutandaza ina unene wa mikroni 30. Piga hesabu mwenyewe: chembe moja nzima yaweza kutoka upande mmoja wa filamu hadi wa pili, na isiposhikwa vizuri hapo ndipo filamu itakapochanika. Ndiyo maana huwezi kumwaga wanga mbichi kwenye hopa pamoja na poliesta ukategemea kipatanishi kikuokoe. Kwa bidhaa nene, kama chungu cha miche cha kufyatua, wanga mbichi hukubalika. Kwa filamu, lazima wanga uvunjwe chembe kwanza, uwe wanga unaoyeyuka.

Juu ya poliesta ya kuchagua, sitakuchosha. PBAT inayeyuka kwenye nyuzi 115 hadi 120 za selsiasi, na wanga huanza kubadilika rangi ukikaribia nyuzi 180, kwa hiyo una nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi. PLA, poliesta nyingine inayooza, inataka nyuzi 170 na kitu, hapo wanga uko ukingoni, na filamu yake ni ngumu, inavunjika. PCL, nayo poliesta inayooza, inayeyuka kwenye nyuzi 60 tu, ni rahisi sana kuichanganya, ila bei yake haimfai muuza miche. Kampuni ya Kijerumani ya BASF ilianza kuuza PBAT yake, Ecoflex, mwaka 1998, na siku hizi Wachina nao wanauza PBAT kwa wingi. Anayeanza aanze na hiyo.

Wanga, si unga

Unga wa muhogo una nyuzinyuzi na protini, na nyuzi hizo zitaziba wavu wa dai, mdomo wa mashine unaotoa plastiki. Nunua wanga uliooshwa na kutuamishwa. Hata huo una mtego wake: wauzaji wadogo wakichelewa kuukausha, huchacha kwenye matenki. Uliochacha una asidi, na asidi hiyo imeanza kuikata minyororo ya wanga bila ruhusa yako. Koroga kijiko cha wanga kwenye glasi ya maji safi, unuse, kisha pima kwa karatasi ya pH. Ukikuta 4 au chini yake, mrudishie mwenyewe.

Sasa maji. Pima gramu 10 za wanga kwenye sahani ndogo ya bati, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 3, upime tena. Ikibaki gramu 8.7, wanga wako una maji asilimia 13, ambayo ni hali ya kawaida kwa wanga uliokaushwa vizuri. Pwani hapa, masika, nimeshaona gunia lililofunguliwa likipanda mpaka 16. Andika namba hiyo juu ya gunia kwa kalamu nene. Hesabu zote zitatoka hapo.

Kuufanya wanga uyeyuke

Kipimo changu ni hiki: wanga kilo 10 (wenye maji asilimia 12 hadi 13), gliserini kilo 3, asidi ya sitriki gramu 125. Saga asidi iwe laini, iyeyushe ndani ya gliserini iliyopashwa moto kidogo, kisha nyunyizia wanga huku unakoroga. Funika kwa nailoni, uache hadi kesho yake. Kulaza huku si urembo: gliserini inahitaji muda kuingia ndani ya chembe, na ukikimbilia mashine mchanganyiko unateleza kwenye skrubu badala ya kukandwa.

Usiongeze maji. Vitabu vingine vinaongeza, na kwa ekstruda yenye pampu ya kunyonya mvuke inawezekana. Kwa mashine kama zetu, maji yaliyomo kwenye wanga yanatosha kuvunja chembe.

Endesha kanda za joto za baro, silinda inayobeba skrubu, kwa nyuzi 90, 110, 130, 130, na dai 120, mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Tundu la kutolea mvuke liwe wazi, tena ulisafishe mara kwa mara maana wanga hupenda kuliziba. Kamba inayotoka iwe ang'avu, ya rangi ya asali hafifu. Ikiwa na ukungu mweupe, bado kuna chembe nzima: punguza kasi ya kulisha au pandisha joto kwa nyuzi 5.

Kuna njia ya kuhakikisha inayonifurahisha sana. Chukua vipande viwili vya plastiki ya polaraizi (ya kuchuja mwanga), unaweza kuvibandua kwenye kikokotoo kibovu. Kimoja weka chini ya sampuli kwenye mikroskopu ya shule, kingine juu yake, uvizungushe mpaka giza liingie. Chembe ya wanga isiyovunjika itang'aa na alama ya msalaba katikati. Wanga uliovunjika vizuri haung'ai. Hakuna haja ya kumlipa mtu wa maabara kwa jibu hilo.

Asidi ya sitriki niliyotaja ni ile ya unga mweupe inayotumiwa na watengeneza vinywaji. Inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: sehemu yake hujifunga kwenye haidroksili za wanga, na sehemu hukata minyororo mirefu ya wanga hivyo kupunguza mnato, yaani uzito wa kutiririka. La pili ndilo lenye faida kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ila ina upande wake mbaya. Ukipita asilimia 2 ya uzito wa wanga, asidi iliyobaki huru itaigeukia poliesta kwenye mzunguko wa pili, wa kuchanganya, na kuikata nayo. Filamu itapulizika vizuri leo, na baada ya wiki kadhaa kwenye stoo itakatika kama karatasi kavu.

Mnato kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Mtu ana wanga mgumu sana na poliesta nyepesi, anachanganya, matone yanakuwa makubwa, anakimbilia kipatanishi. Ukijaribu kukoroga bonge la ugali ndani ya uji, uji unazunguka na bonge linabaki bonge. Na mashine yako iko katika hali hiyo hiyo. Skrubu haiwezi kulirarua tone ambalo ni gumu mara nyingi kuliko kilicholizunguka. Mnato wa vitu viwili ukikaribiana kwenye joto la kuchanganyia, matone hupasuka yenyewe.

Namna ya kulinganisha bila kifaa cha maabara: endesha wanga ulioyeyuka peke yake kwa nyuzi 140 na kasi moja, soma ampea za mota. Halafu endesha PBAT peke yake kwa joto na kasi ile ile, na ulishaji wa kilo zile zile kwa saa. Ampea zikipishana sana, rekebisha wanga, si poliesta. Gliserini ikipanda kutoka kilo 3 hadi 3.3, mnato unashuka wazi. Usivuke kilo 3.5, kwa sababu gliserini ya ziada hutoka nje ya filamu na kuifanya inate. Wateja watakwambia viriba "vinatoka jasho". Wenye uwezo wabadilishe theluthi ya gliserini kwa sorbitoli, kilainishi kingine, ambayo haitoki nje upesi namna hiyo.

Ukimaliza hapa, pengine utakuta filamu ya asilimia 30 ya wanga inakubalika hata bila kipatanishi kingine. Viriba vya miche ya miezi mitatu havidai zaidi ya hapo.

Kukausha, na nani anakula kipatanishi

Kata kamba ya wanga iwe punje, zikaushe kwa hewa ya nyuzi 65 usiku kucha, mpaka maji yawe chini ya asilimia 1. PBAT nayo ikaushwe, hata kama gunia limeandikwa kuwa ni kavu. Maji kwenye joto la kuyeyushia hukata minyororo ya poliesta. Punje za wanga zitoke kwenye kikaushio ziingie kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana. Zikilala wazi usiku mmoja kwa unyevu wa Tanga, kazi ya kukausha umeifanyia bure.

Sababu nyingine ya kukausha ni kemia ya vipatanishi vyenyewe. Vile vikali, kama anhidridi ya maleiki na isosaianeti, vinafanya kazi kwa kunyakua haidroksili ya wanga na kujifunga hapo. Lakini havichagui. Maji yana haidroksili. Gliserini inazo tatu kwa kila molekuli, tena ni ndogo, inatembea upesi, inafika kabla ya wanga. Ukiimwaga kemikali yako kwenye mchanganyiko wenye maji na gliserini huru, wanga utapata makombo.

Mfano ninaoupenda ni wa Kansas State University, Marekani. Mwaka 2001 walichapisha kazi ya kuchanganya PLA na wanga wa ngano wa asilimia 45, wakiongeza nusu ya asilimia tu ya isosaianeti iitwayo MDI. Nguvu ya kuvuta ilitoka megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 36 hivi hadi karibu 68. Watu huziona namba hizo wakaitafuta MDI. Wanachoruka ni kwamba wanga ule ulikuwa mkavu, bila gliserini, na bidhaa ilikuwa ngumu ya kufyatua, si filamu. Watafiti hao hao walirudi baadaye kuchunguza unyevu wa wanga, wakaona nguvu inashuka kadiri unyevu unavyopanda. Zaidi ya hayo, mvuke wa MDI huumiza mapafu, na aliyeathirika mara moja anaweza kuzidiwa na kiasi kidogo mno baadaye. Kwenye karakana ya bati yenye feni moja, isiingie kabisa.

Kipatanishi ninachokitumia

Ni PBAT iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki. Kazi ya kupandikiza imeshafanyika kiwandani, anhidridi imeshikamana na mnyororo wa poliesta, hivyo haizururi. Inapokutana na uso wa tone la wanga inajifunga hapo: mguu mmoja kwa wanga, mwili wote kwenye poliesta. Kiasi chake kiwe asilimia 3 hadi 5 ya mchanganyiko wote. Nikizidisha sijaona faida inayolipa gharama.

Mpangilio wa kulisha una maana kubwa. Changanya kipatanishi na punje za PBAT kavu kwanza, vitangulie kuyeyuka kwenye hopa kuu. Punje za wanga ziingie katikati ya baro, kama una mlango wa pembeni. Kama huna, changanya vyote vikiwa punje, vikavu, na uendeshe mara moja bila kuviacha vikae. Kanda ziwe nyuzi 120, 140, 145, 140, na dai 135. Mashine itakuambia kama mpatano unatokea: kwa ulishaji ule ule, ampea hupanda kidogo ukilinganisha na mchanganyiko usio na kipatanishi, kwa sababu minyororo iliyofungana inasogea kwa shida zaidi. Ampea zisipopanda kabisa, shuku maji.

Unaweza kuipandikiza mwenyewe? Kanuni si siri: PBAT, anhidridi asilimia 1 hadi 3, peroksidi ya dikumili (ya kuanzisha mmenyuko) sehemu ndogo ya asilimia, baro kwenye nyuzi 160 hadi 180. Huko Michigan State University kikundi cha Ramani Narayan kilienda njia ya pili, kikaufunga wanga wenyewe na anhidridi ndipo ukutane na PBAT, na njia hiyo inafanya kazi vizuri sana. Lakini anhidridi ya maleiki inachoma macho na koo, na peroksidi si kitu cha kuweka kwenye stoo ya bati yenye jua la Januari, wala karibu na asidi. Bila kinyonya hewa juu ya dai na juu ya tundu la mvuke, nunua iliyo tayari. Kilo 25 zitakutosha kwa nusu tani ya mchanganyiko na zaidi.

Virefusha mnyororo vya epoksi, kama kile chenye jina la biashara Joncryl, vina kazi tofauti kidogo. Hushika zaidi ncha za poliesta kuliko wanga, hivyo hurudisha nguvu ya PBAT iliyokatwa na maji au asidi na kulifanya puto la filamu inayopulizwa lisiyumbe. Asilimia 0.3 inatosha. Ukizidisha utaona vidonge vidogo vigumu kwenye filamu, na hivyo haviyeyuki tena.

Kujua kama vimepatana

Vuta kipande cha filamu kwa mikono, polepole. Kikianza kuwa cheupe mapema, kabla hakijarefuka, wanga unabanduka kutoka kwenye poliesta. Kikirefuka huku kikibaki na rangi moja, umefika karibu. Jaribu pande zote mbili: filamu mbaya huwa na nguvu kwa urefu na huchanika kwa upana.

Kisha ayodini. Kata ukanda mwembamba sana kwa wembe mpya, weka tone la tinkcha ya ayodini ya duka la dawa iliyozimuliwa na maji, subiri dakika chache, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Wanga unakuwa wa bluu-nyeusi, poliesta inabaki ya manjano hafifu. Eneo unaloliona lina upana wa karibu nusu milimita, kwa hiyo unaweza kukadiria ukubwa wa matone. Nataka yawe mikroni chache. Nikiona mabaka marefu yaliyoungana, narudi kwenye mnato, sigusi kipatanishi.

Ushauri wa kugandisha filamu kwenye friji na kuivunja ili uone ndani, upuuze. PBAT inakuwa ngumu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri hivi. Friji ya nyumbani haifiki huko.

La mwisho ni la kuloweka. Kata mraba wa sentimita 10, kausha kwa nyuzi 60 mpaka uzito utulie, pima. Loweka kwenye maji kwa saa 24, kausha tena, pima. Kwa kipimo changu, filamu yenye asilimia 40 ya wanga ulioyeyushwa ina gliserini kama asilimia 10 ya uzito wote, na hiyo inaweza kutoka yote. Upotevu ukiwa 8 au 10 usishtuke. Ukifika 15, wanga wenyewe unatoka, maana yake matone yameungana mpaka nje na hayajashikwa.

Mteja akikuuliza kama kiriba kitaoza, usimwambie tu "kinaoza". Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinapima kwenye mboji ya kiwandani, yenye joto la karibu nyuzi 58, na filamu ya kutandaza shambani ina kiwango chake, EN 17033 cha mwaka 2018. Udongo wa kitalu cha Lushoto ni baridi, wa Muheza ni joto na unyevu; muda hautakuwa mmoja. Na kadiri unavyofungamanisha minyororo, hasa kwa peroksidi na epoksi nyingi, ndivyo vijidudu vinavyopata tabu zaidi kuiozesha filamu. Fukia vipande vyako mwenyewe kwenye kitalu cha mteja, vichimbue kila mwezi, umwonyeshe.

Roli zilizokamilika zifungwe kwa nailoni siku hiyo hiyo, zikae juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji. Masika nazigeuza kila wiki, na roli ya zamani ndiyo inayotoka kwanza.